Ploti Namba Tano

Asubuhi ile nilifika shambani na daftari langu na penseli, tayari kuhesabu kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Nikasimama. Ploti namba tano ilikuwa nyeupe, imepaliliwa kama uwanja uliofagiliwa.

Na hiyo ndiyo haikutakiwa kuguswa. Ilikuwa na mahindi matupu, ya kulinganishia. Katika zile nyingine tulipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari na kuzungushia majani ya tembo: mbinu ya sukuma-vuta, iliyofanyiwa kazi Mbita, kando ya Ziwa Victoria, tangu miaka ya 1990. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo anayezaa funza wa mabua, majani ya tembo humvuta akatage huko pembeni. Mimi lakini nilikuwa naifuata mizizi. Desmodiamu huidanganya mbegu ya kiduha ichipue, kisha huizuia isijishikize kwenye mzizi wa mahindi, ikafa njaa. Waliolibaini hilo walikuwa wakiwinda funza tu. Kiduha kilikuwa bahati. Sasa bila ploti namba tano, ningejuaje kama kimepunguzwa na desmodiamu ama na mvua?

Bibi mwenye shamba alitokea akijifuta mikono, uso umemng'aa.

"Nimekusaidia, mwanangu. Si wakubwa zako wanakuja kesho? Ningeachaje wageni wauone uchafu ule?"

Nilimweleza kwa sauti iliyopanda kuliko adabu inavyoruhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe mliacha mahindi yangu yaliwe makusudi?"

Nilikosa jibu. Siku ya kupanda tulimwambia asiguse. Kwa nini, hatukumwambia. Na mavuno ya ploti ile yalikuwa yake, hayakuwa yetu. Mpaka leo, nikikuta ripoti ina safu ya ploti linganishi, najiuliza ni nani aliyekosa mahindi hayo.

"Magugu umeyatupa wapi, Bibi?"

Lundo lilikuwa kwenye tuta upande wa pili, limenyauka, maua ya zambarau yamejikunja. Tukapiga magoti tukahesabu, mimi shina moja moja, yeye akiyafunga kumikumi kwa jani la mahindi. Alinishinda mbio. Daftarini nikaandika idadi, na pembeni: "yameng'olewa".

Mengine yalikuwa yamekauka vichwa. Nikakigonga kimoja kiganjani, likamwagika vumbi la kahawia, laini kama ugoro.

"Hii nini?"

"Mbegu, Bibi. Shina moja hubeba makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mahindi."

Akakitazama kiganja changu. Kisha akageuka kuitazama njia aliyoliburutia lundo lile: kutoka namba tano, kupitia ya nne, kupitia ya tatu.

Hakusema kitu. Alikwenda kuleta kiberiti, akazunguka nje ya shamba.