Nilivyopata maana ya kazi yangu ndani ya masjala

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, nikiwa miongoni mwa watumishi wa umma walioondoka Dar es Salaam baada ya Serikali kutangaza, Julai 2016, kwamba uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi sasa utatekelezwa kikamilifu. Nilikuwa na ajira ya kudumu, watoto wenye afya njema, na mume aliyekubali kuanza upya pamoja nami katika mji tusioufahamu. Pamoja na hayo yote nilikuwa nimebeba swali ambalo nilishindwa kumweleza mtu, kwa kuogopa kuonekana sina shukrani: kazi hii ninayoiamkia kila siku inamfaa nani?

Mimi ni afisa kumbukumbu. Kazi ya masjala, yaani ofisi ya kutunza barua na majalada, ni kupokea barua, kuiandikisha kwenye rejista, kuipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kuifunga katika jalada linalostahili, kulipeleka jalada kwa afisa mhusika na kulifuatilia hadi lirudi kabatini. Jalada likipatikana haraka, sifa huenda kwa afisa aliyeandika dokezo zuri. Lisipopatikana, lawama zote huishukia masjala. Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu kwa miaka mingi, lakini uaminifu huo ulikuwa wa mtu anayelipa deni, si wa mtu anayejua kwa nini yupo pale alipo.

Dodoma iliniongezea uzito wa swali hilo. Dar es Salaam nilikuwa na ndugu, kwaya, harusi na misiba, na mtu mwenye mambo mengi hapati nafasi ya kujiuliza maswali kama hayo. Hapa, katika ile miezi mirefu ya kiangazi ambayo mvua hainyeshi na upepo hauchoki kupeperusha vumbi, nilipata jioni nyingi za kufikiri. Nilisikiliza mafundisho ya watu mbalimbali, wa dini na wa semina, ambayo karibu yote yalisema kwamba kila mtu ana wito wake uliofichika, na kwamba asiyeridhika na kazi yake aiache akautafute. Sikuyadharau mafundisho hayo, lakini niliona kuwa yanamfaa zaidi mwenye akiba. Mama mwenye ada za kulipa na wazazi wa kuwatunza kijijini hawezi kuacha mshahara ili akatafute kitu asichojua kilipo. Nilihitaji maana ambayo ingepatikana humo humo nilimo.

Ilianza kupatikana nilipopangiwa kazi ambayo wenzangu hawakuwa na hamu nayo. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, na ofisini kwetu ikaonekana ni wakati mwafaka wa kuhakiki majalada binafsi ya watumishi waliokaribia kustaafu. Kisheria mtumishi anaweza kustaafu kwa hiari afikishapo miaka 55, na hustaafu kwa lazima afikishapo 60. Nilitakiwa kupitia kila jalada na kuhakikisha kwamba barua za msingi zimo, yaani ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo na za uhamisho, na kwamba majina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana tangu karatasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Ambaye hajawahi kufanya kazi serikalini huenda asione kwa nini karatasi hizo ni nzito kiasi hicho. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali waliokuwa katika masharti ya pensheni hawakuwa wakikatwa mchango wowote. Utaratibu wa kuchangia ulianza na PSPF. Kwa hiyo mtu aliyeajiriwa miaka ya 1980 hana rekodi ya michango ya miaka yake ya mwanzo, na ushahidi wa utumishi wake wa wakati huo ni barua iliyopigwa kwa taipureta, yenye mhuri unaofifia, iliyofungwa kwa kamba ndani ya jalada. Mafao yake hukokotolewa kwa kuzingatia muda aliotumika pamoja na mshahara wake. Barua hiyo ikikosekana, miaka ya ujana wake inakosa shahidi.

Ipo pia historia ya wilaya zetu. Mwaka 2007 iliyokuwa Dodoma Vijijini iligawanywa, zikapatikana Bahi na Chamwino, na baadaye Chemba ikamegwa kutoka Kondoa. Mwalimu anaweza kuwa amefundisha katika shule moja ya kijijini tangu anatoka chuoni hadi anastaafu, asihame hata nyumba, lakini halmashauri inayomlipa imebadilika na jalada lake limesafiri kuliko yeye mwenyewe. Katika uhakiki ule nilikuta barua zilizofungwa kwenye jalada la mtu mwingine kwa sababu majina yanafanana. Nilikuta watu wanaotambulika kwa jina la nyumbani kwenye cheti cha shule, na kwa jina la ubatizo kwenye barua ya ajira. Nilikuta folio zilizoliwa na mchwa hadi pembeni mwa tarehe. Taratibu nikaacha kuhesabu majalada niliyoyamaliza kwa siku, kama tulivyozoea kuripoti, nikaanza kuyasoma.

Mmoja wa waliofika dirishani kufuatilia suala lake alikuwa mwalimu mzee kutoka upande wa Mvumi. Kigogo changu, lugha ya wenyeji, wakati huo kilikuwa cha salamu tu, nikamwambia “Mbukwenyi”, naye akaitikia kwa uchangamfu kisha akaendelea kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Barua yake ya ajira ya kwanza haikuonekana. “Mwanangu,” aliniambia, “barua ile niliiona kwa macho yangu ikifungwa ndani ya jalada. Ipo, ila haijatafutwa.” Nilipitia majalada yote yenye jina linalokaribiana na lake, na hatimaye niliikuta kwenye jalada la mtumishi aliyekwisha kufariki, ikiwa safi, na mhuri wake unasomeka.

Miezi kadhaa baadaye, malipo yake yakiwa yamekamilika, alirudi. Nilidhani amekuja kushukuru. Kumbe alikuwa ameongozana na mjane wa mwalimu mwenzake, ambaye suala la mirathi lilikuwa limemkwama, na mzee akanitambulisha kwake kwa maneno haya: “Huyu ndiye anayejua karatasi zetu zilipo.” Katika miaka yote ya utumishi wangu hakuna fomu ya tathmini iliyowahi kuieleza kazi yangu namna hiyo. Suala la yule mama lilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa lilihitaji muhtasari wa kikao cha ukoo na uteuzi wa msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, mambo ambayo hayamo katika mamlaka ya masjala. Hata hivyo nililazimika kujifunza hatua zote hizo ili nimweleze vizuri, kwa sababu alikuwa ametoka mbali, na kila safari ya bure ilikuwa inamgharimu nauli aliyoikopa.

Kutokana na hayo nilifanya mabadiliko ambayo nadhani yeyote anayefanya kazi za ofisini anaweza kuyafanya kwa kadiri ya mazingira yake. Nilimwomba kiongozi wangu anipangie zamu ya kila wiki kwenye dirisha la maulizo, mahali ambapo maofisa wengi huona ni adhabu kukaa, ili niwaone wenye majalada uso kwa uso. Nilisoma sheria na kanuni za mafao hadi nikaweza kumweleza mtu bila kubabaisha kwamba pensheni ya kila mwezi huhitaji angalau miezi 180 ya uchangiaji, au kwa nini nyaraka fulani inadaiwa. Nilianza kufuata kila jalada nililolihakiki hadi hatua yake ya mwisho, hata pale ambapo sehemu yangu ilikuwa imeisha, kwa kumuuliza mhasibu au afisa utumishi kama mhusika amekwisha kulipwa. Siri za watumishi nilizitunza kama nilivyoapa. Kufuatilia hakumaanishi kusimulia.

Si kila siku inaleta hisia ile, na ningependa kuwa mkweli katika hili. Sehemu kubwa ya barua ninazoziandikisha ni mialiko ya vikao, taarifa za robo mwaka na maombi ya vifaa, na hakuna mzee wa Mvumi nyuma ya maombi ya rimu za karatasi. Siku hizo ninafanya kazi kwa mazoea tu, na nimeacha kujilaumu kwa hilo. Kinachonisaidia ni kujua kwamba nidhamu ile ile ya kuweka folio mahali pake ndiyo itakayomwokoa mtu mmoja baada ya miaka 30, mtu ambaye leo ni kijana anayesaini mkataba wake wa kwanza na ambaye pengine sitamfahamu.

Dirishani nilijifunza jambo jingine, zito kuliko hayo. Baadhi ya wastaafu walikuwa wakirudi hata baada ya kulipwa, bila shida yoyote, wakikaa kwenye benchi na kuuliza habari za ofisi. Walikuwa watu walioheshimika, wengine wakuu wa shule na wakuu wa idara, na maana ya maisha yao ilikuwa imebaki kwenye kiti walichokikabidhi. Wengine hawakuwa hivyo kabisa: yule mwalimu wa Mvumi alikuwa na shamba la zabibu, na jioni aliwafundisha watoto wa majirani hesabu bila malipo, hivyo kustaafu kulimpunguzia kazi moja tu kati ya kazi zake. Nilijiuliza mimi nitakuwa kundi gani, kwa kuwa maana inayotegemea ofisi peke yake ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa kisheria.

Mtaani kwetu Nkuhungu kulikuwa na kikundi cha akina mama cha vikoba kilichokuwa kinagombana kila mwisho wa mzunguko, kwa sababu madaftari ya hisa na mikopo hayakuwa yanakubaliana. Nilijiunga kama mwanachama wa kawaida, na baada ya muda nikaomba ruhusa ya kupanga kumbukumbu zao: daftari la mahudhurio, la hisa, la mikopo na marejesho, kila muamala ukisainiwa na mwenyewe mbele ya wenzake, na anayeweka kumbukumbu asiwe yule anayeshika funguo za sanduku. Wasiojua kusoma tuliwawekea alama yao wenyewe ya kutambulika. Ugomvi haukwisha wote, kwani fedha ni fedha, lakini umepungua sana, na vijana wawili wa mtaani nimewafundisha kazi hiyo ili isinitegemee. Hili ndilo ninalotarajia kuendelea nalo nitakapokabidhi funguo za kabati ofisini.

Siku hizi barua zetu nyingi zinapita katika mfumo wa e-Ofisi, na vijana wanaoingia kazini wananiuliza kama masjala bado ina nafasi. Ninawajibu kwamba mfumo unatunza vizuri kile ulichopewa, lakini barua ya mwaka 1985 haiwezi kujiingiza humo yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuitafuta, kuitambua ni ya nani na kuipiga picha ikiwa bado inasomeka. Kazi hiyo bado ni kubwa, na wenye barua hizo wanazidi kuzeeka.

Wanafunzi wa Chuo cha Utumishi wa Umma wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo ninawakalisha kwanza dirishani, kabla ya kuwaonyesha rejista. Baadhi ya wenzangu hawakubaliani nami, wanasema mwanafunzi aanze na utaratibu ndipo akutane na watu, na hoja yao ina msingi, kwa sababu asiyejua utaratibu anaweza kumpa mstaafu jibu la kupotosha. Kwa hiyo tunakaa nao pamoja dirishani, mwanafunzi akisikiliza na mimi nikijibu. Nimeandika dokezo kupendekeza utaratibu huo uingizwe katika mwongozo wetu wa ndani, na kwa sasa liko mezani kwa mkuu wa kitengo likisubiri uamuzi.