Nilivyozuia namba za wateja kuvuja

Nashona mabuibui hapa Langoni, Lamu, wateja wangu karibu wote ni akina mama. Shida ilikuwa grupu la WhatsApp, kila aliyemo anaona namba za wenzake, basi vijana wakazipata wakaanza kuwapigia watu usiku usiku, mpaka mume wa mtu akaja dukani amewaka. Na sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data za watu hata sisi wa cherehani inatuhusu jamani. Nikafuta grupu nikahamia brodikasti, kila mtu anapata ujumbe peke yake, ila haumfikii ambaye hajasevu namba yako, kwa hiyo nikimpima tu namwambia, mama hebu toa simu unisevu. Daftari la vipimo nalo siandiki jina, naandika alama ya mteja tu, "M14, bega 15, urefu 56", majina yenyewe yamo kwa droo ya kufuli, ufunguo ninao mimi, msaidizi ananuna lakini ndo hivyo.