Mizunguko miwili Kericho

Matatu ilipopita njia panda ya Londiani, baridi ikaanza kuingia dirishani, nikajua nimefika hata kabla ya kuiona chai. Miaka kumi na mmoja nimeishi Doha, Qatar, ambako ukishika kitasa cha mlango wa nje mchana wa Julai unaungua kiganja. Sasa nimebanwa kati ya mama mwenye kuku wawili ndani ya kikapu na kijana anayetazama mbio kwenye simu, sauti ameifungua yote. Ilikuwa fainali ya mita 800, mizunguko miwili ya uwanja, ya Olimpiki ya Paris. Emmanuel Wanyonyi, dakika moja na sekunde 41.19. Abiria wote tukainama kuangalia kana kwamba hatujui nani atashinda.

"Huyo ni wa kwetu?" mama akauliza.

"Wa Trans Nzoia," kijana akajibu.

Mama akarudi kwa kuku wake.

Nilitaka kumwambia kwamba wa kwetu yupo, tena ndiye aliyewafungulia hao wote mlango. Nikanyamaza. Mtu aliyekaa nje miaka mingi hana budi kujizuia siku za kwanza, asionekane amekuja kufundisha wenyeji habari za kwao.

Wa kwetu ni Wilson Kiprugut arap Chumo, aliyezaliwa Kericho mwaka 1938. Oktoba 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, alisimama kwenye fainali ya mita 800 mjini Tokyo akiwa askari wa jeshi. Peter Snell wa New Zealand akashinda kwa 1:45.1, Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili, na Kiprugut akaingia wa tatu kwa 1:45.9. George Kerr wa Jamaica alipewa muda huo huo, ila shaba ilikwenda kwa Mkenya. Ndiyo nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yetu. Kipchoge Keino alikuwepo Tokyo pia, akamaliza wa tano kwenye mita 5,000. Siku hizo ukitaka kukimbia mbali na kijijini kwenu ulihitaji mwajiri mwenye kiwanja na mwenye muda wa kukupa, na mwajiri huyo alikuwa jeshi, polisi au magereza. Keino alikuwa polisi, na Naftali Temu alikuwa mwanajeshi kama Kiprugut.

Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville, alichukua dhahabu mbili, ya mita 400 na ya 800. Jaribu kuwaza mwili wa mtu anayeweza yote mawili. Kisha Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Kingston 1966, fedha kwenye yadi 880, karibu sawa na mita 800. Kisha Olimpiki ya Mexico.

Hii ya Mexico nimeisikia kwa baba tangu sijajua kusoma. Mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka kumi na minne, na redio katika kambi yao ya chai ilikuwa moja tu, ya nyapara. Watu walisimama nje ya dirisha lake. Kiprugut alishika uongozi tangu mwanzo na kuwaburuza wenzake hadi mita za mwisho, ndipo Ralph Doubell wa Australia akampita. 1:44.3 kwa 1:44.5. Muda wa Doubell ulikuwa sawa na rekodi ya dunia, kwa hiyo yule aliyepitwa naye alikuwa nyuma ya rekodi ya dunia kwa sekunde sehemu mbili ya kumi. Baba akifika hapo hunyamaza, halafu hualisha vidole mara moja. Tap. "Hiyo ndiyo fedha na dhahabu."

Sisi tulizaliwa kambini, watoto wa wachumaji waliotoka kila upande wa nchi, ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha tuliyonyonya. Tulikulia wilaya moja na mtu huyu, lakini kwenye barabara ya murram tulikimbia tukijiita majina ya wanasoka wa Uingereza. Sikuwahi kumwona hata mara moja. Aibu ni yangu, sina wa kumlaumu.

Alifariki tarehe 1 Novemba 2022, akiwa na miaka 84. Habari zilinikuta kwenye zamu ya usiku, nalinda lango. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa Kombe la Dunia lianze, na kampuni niliyokuwa nayo ilikuwa imefuta likizo za watu wote. Baba alinitumia ujumbe wa sauti. Nikausikiliza mara mbili nikidhani anataka pesa, kumbe alitaka tu kuniambia. "Mzee wa Mexico ameondoka," akasema, kisha kimya, nikasikia mvua juu ya mabati, kisha akakata.

Kilichonishika usiku ule ni hesabu. Mexico ilikuwa 1968. Baada ya pale aliishi miaka hamsini na minne mingine. Mbio zake mbili kubwa, ukizijumlisha, hazifiki dakika nne. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa na miaka tisa ya kusimama langoni, nikajiona nimezeeka.

Kuna jambo lingine hulizungumzia na yeyote atakayenisikiliza. Mwaka 2021 Olimpiki ilirudi Tokyo, na Emmanuel Korir akashinda mita 800 kwa 1:45.06, Ferguson Rotich akiwa wa pili. Linganisha na ile 1:45.9 ya 1964. Kati yao kuna miaka hamsini na saba, na pengo halijatimia sekunde moja. Najua fainali ya Korir ilikimbiwa kwa kuviziana, si kwa kasi ya mwisho. Lakini Kiprugut alikimbia juu ya majivu ya makaa yaliyoshindiliwa, mwenzake akakimbia juu ya mpira. Nikiwaambia wenzangu wa zamu walidhani nawapiga chuku. Hao hao ndio niliosimama nao Corniche, barabara ya ufukweni Doha, mwaka 2019 usiku wa manane, marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ikianza saa hiyo kwa ajili ya joto, wakimbiaji wakianguka na kubebwa kwa machela, na Mkenya Ruth Chepngetich akishinda. Siku ile walinipa heshima kana kwamba nilikimbia mimi.

Nyumbani nimekuta mengi yamehama. Kwenye mashamba makubwa mashine ndizo zinazochuma, na mikono iliyozoea kudonoa majani mawili na kichipukizi imekaa bure. Baba alishastaafu. Huko ukistaafu unarudisha ufunguo wa nyumba, kwa hiyo sasa yuko kwenye kipande cha ardhi alichonunua juu ya kilima, na ng'ombe mmoja ambaye anamgombeza kuliko alivyowahi kutugombeza sisi. Vidole vyake bado ni vyeusi kwenye kucha. Utomvu wa chai hautoki, alitwambia zamani, nikadhani ni mzaha.

Jioni ya tatu nilikosea adabu mbele yake. Nikasema, "Kiprugut alikuwa na bahati mbaya kuzaliwa enzi za Snell."

"Nani amekufundisha kumtaja kwa jina tupu?" akauliza. "Sema Mzee Kiprugut. Na bahati mbaya umeiona wapi?"

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka kumi na mitatu na anasema yeye ni Wanyonyi. Jana asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaja na mawe yake, tulikwenda naye kwenye uwanja wa shule. Mistari ya njia za kukimbilia imechorwa kwa oili chafu ya injini iliyochoma nyasi, na kona moja imekatwa kidogo kwa sababu ya mtaro. Haifiki mia nne kamili, lakini tulikubaliana ni mia nne. Baba akakalia jiwe, bakora katikati ya magoti. Mtoto akavua viatu. Nikafungua saa ya simu.

Alitoka kama mwizi. Mzunguko wa kwanza alipita mbele yetu akicheka, kifua mbele, akitutazama kama tunamwona. Wa pili kicheko kikaisha, mikono ikaanza kupanda hadi mabegani. Sauti pekee uwanjani ilikuwa nyayo zake na baba akisema polepole, "Kanyaga, kanyaga."

Simu ilipoonyesha 1:45 nikanyanyua macho kumtafuta. Alikuwa ndiyo kwanza anaipita mikalitusi nyuma ya vyoo, upande wa mbali kabisa, kona ya mwisho bado yote iko mbele yake.

Baba akanyoosha bakora kwenye mstari wa kumalizia, ambapo hapakuwa na mtu.

"Sasa hivi Mzee Kiprugut amefika," akasema. "Anavaa sweta."