Gereji Isiyo na Shimo

Simu iliita saa tatu kasoro usiku, Jumanne ya tarehe 29 Januari 2019. Nilikuwa nyumbani Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, nimevaa soksi mbili mbili. Lori langu la kazi lilikuwa limeegeshwa kwa sababu kampuni ilizuia safari zote kwa ajili ya baridi kali. Hata posta ilikuwa imetangaza kwamba kesho yake haitapeleka barua Minnesota. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja, jirani yangu wa gereji, mtu ambaye hakuwahi kunipigia simu hata siku moja.

"Bomba lako halitoi moshi," alisema. "Ya wenzako wote yanatoa. Lako halitoi."

Nilisimama palepale. Moshi usipotoka maana yake mashine ya kupasha joto imezima, na gereji yangu ilikuwa na Peugeot 504 ya mwaka 1980 ambayo injini yake ilikuwa imejaa maji matupu.

Maji yale niliyatia mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kufunga hedi mpya, kile kifuniko cha juu cha injini, majuma mawili nyuma, na nilifanya kama nilivyofundishwa na baba utotoni: ukishafunga hedi usiharakishe kutia kulanti, dawa ya kupoza injini isiyoganda, tia maji ya bomba kwanza, washa injini, ichemke, utazame wapi panavuja. Ukiridhika ndipo umwage utie dawa. Mombasa hiyo ni busara tupu, kwa sababu maji ni bure na kulanti ni pesa. Sikuwahi kujiuliza maji hayo yatakuwaje Minnesota, kwa vile gereji yangu ilikuwa na joto la sakafuni mchana na usiku. Maji yakiganda hujitanua kwa kiasi cha asilimia 9, na bloku, mwili wa chuma wa injini, haijui kujitanua. Hupasuka.

Gereji yenyewe ilikuwa siri yangu. Huku Marekani kuna watu wanaonunua gereji kama wengine wanavyonunua fleti. Ni kondominiamu, ila wanaolala ndani ni magari. Kuna safu za majengo marefu yaliyogawanywa vyumba, unapewa hati ya chumba chako, na kuta za nje, paa na barabara za ndani ni mali ya wote, ambayo mnailipia ada kila mwezi. Chanhassen, kusini-magharibi mwa Minneapolis, kuna jumuiya kubwa ya namna hiyo inayoitwa AutoMotorPlex. Pontiac, Michigan, kuna M1 Concourse, gereji zilizozungushwa kwenye njia ya mbio juu ya ardhi iliyokuwa ya kiwanda cha General Motors. Yangu ilikuwa kwenye jumuiya ndogo zaidi, isiyo na sifa hizo: futi 24 kwa 50, dari ya futi 16, mlango ambao lori lingepita. Niliinunua mwaka 2016 kwa akiba ya miaka 11 barabarani, kutoka kwa mjane aliyekuwa anauza haraka.

Nyumbani sikusema. Akiba ile kila mtu alijua ni ya kujenga Mombasa. Mama alikuwa ameshataja hata rangi ya vigae. Ningeanzaje kumwambia kwamba nimenunua nyumba, lakini ni ya gari, na kwa sheria za jumuiya siruhusiwi hata kulala humo? Lakini mtaa ninaokaa haukuruhusu gari lisilo na namba kuegeshwa nje, na kuinua gari kwa jeki mbele ya nyumba kulikuwa kunaniletea barua za onyo. Na mimi bila kushika spana siwezi kuishi. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Miaka ile ya kwanza ya baridi, nilipokuwa narudi kutoka Nebraska au Dakota nikikuta chumba kitupu, kilichonirudishia pumzi ni harufu ya grisi. Baba nilimwambia tu nimepata "pahali pa kuweka gari." Hakuuliza, na kutouliza kwake kuliniuma kuliko kama angeuliza.

Nilifika saa tatu na nusu. Theluji ilikuwa inalia chini ya viatu kama unga wa mahindi mkavu. Mzee alikuwa ananingoja ndani ya pikapu yake, injini inanguruma. Mzee huyu ana Datsun 240Z ya rangi ya machungwa, na kisa cha kujuana kwetu ndicho hicho. Siku niliyomwambia natoka Kenya aliacha alichokuwa anafanya akaanza kunisimulia Safari Rally: Edgar Herrmann 1971, Shekhar Mehta 1973, wote wakishinda kwa 240Z kama yake, jinsi Mehta na Harry Källström walivyofungana pointi mwaka huo na ushindi ukaenda kwa Mehta. Mzungu wa Minnesota, hajawahi kukanyaga Afrika, anamjua Mehta! Tangu hapo tulikuwa tunapungiana mikono, basi. Sikujua kwamba kila jioni akifunga yake huwa anatazama na mabomba yetu.

Tulimulika tochi juu. Mdomo wa bomba langu ulikuwa umezibwa na donge la barafu nyeupe, kubwa kama nazi iliyofuliwa. Mvuke wa moshi ulikuwa ukiganda kidogo kidogo hadi mashine ikakosa hewa, ikajizima. Aliyeifunga alikuwa ameuelekeza mdomo kaskazini-magharibi, kunakotoka upepo, na nilikuwa nimelalamika kuhusu jambo hilo tangu mwaka wa kwanza. Kijana wa chumba cha tatu, mwenye Subaru, alikuja na ngazi bila kuitwa. Akapanda, akaanza kuligonga kwa mpini wa nyundo. Baridi ile, ukivua glavu kwa dakika moja vidole havisikii tena.

Ndani kipimo cha ukutani kilionyesha nyuzi 3 za Selsiasi juu ya sifuri. Zege lilikuwa bado na joto kidogo, lakini pua ya gari ilikuwa imeelekea mlangoni, na chini ya mlango baridi ilikuwa inaingia kama maji. Nilifungua boneti nikabinya mpira wa juu wa rejeta. Mgumu kama muhogo. Niliposikiliza vizuri, kitu kilikwaruza ndani.

Nikafungua koki ya chini ya rejeta. Yakatoka matone, halafu mkondo mwembamba, halafu yakakatika. Barafu ilikuwa imeziba tundu. Hata hivyo rejeta si kitu, rejeta hununuliwa. Roho yangu ilikuwa kwenye bloku. Maji ya bloku hayatoki yote kwa rejeta, yana kizibo chake ubavuni, na injini hii ya dizeli sikuwahi kuifungua kizibo hicho. Nilijua mtu mmoja tu aliyeweza kunionyesha kilipo gizani.

Mombasa ilikuwa saa moja kasoro robo asubuhi. Baba alipokea simu ya video akiwa bado na kofia ya msikitini.

"Baba, Pijo ina maji matupu na baridi imeingia."

Hakuniuliza kwa nini. "Dizeli ama petroli?"

"Dizeli."

"Haya. Tandika boksi uingie chini, mkono wako wa kulia upapase nyuma ya..."

"Siingii chini, baba. Naipandisha."

"Waipandisha na nini?"

Mzee alikuwa ameshaweka mikono ya lifti chini ya bodi. Akabonyeza. Nguzo mbili zikanguruma na 504 ikaondoka sakafuni taratibu, magurudumu yakining'inia, hadi ikanipita kichwa. Simu nilikuwa nimeishika mkononi muda wote. Baba aliona taa za dari, rafu za spana, sakafu ya kijivu iliyopakwa rangi inayong'aa, na mzee asiyemjua. Akanyamaza kidogo.

"Hapo ni pahali pa nani?"

"Pangu."

"Wapangisha?"

"Nimenunua, baba."

Nilisikia kunguru wa Mombasa upande wa pili. Kisha akasema, "Sogeza simu ubavuni mwa injini. Hapo. Chini kidogo. Hicho chenye kutu."

Kizibo kilikataa. Nilitia spana, nikatia bomba kwenye spana kurefusha mkono, nikaning'inia. Mzee akaleta birika lake la kahawa likiwa na maji ya moto, akalowesha kitambaa, akakishikilia juu ya kizibo, maji yakimtiririka kwenye mkono wa koti. Baba alikuwa anahesabu kwa sauti kana kwamba yeye ndiye anayevuta. Safari ya tatu kikalia, kikageuka. Maji yakaruka yakanipiga kifuani, mekundu kwa kutu, na ndani yake vipande vyembamba vya barafu kama vigae vya chupa.

"Yamwagika?" aliuliza, kwa kuwa simu ilikuwa imetazama dari.

"Yamwagika."

"Niache nisikie."

Nikaishusha simu karibu na mfereji wa sakafuni. Tulisimama sote watatu, mimi, mzee na kijana wa ngazi ambaye alikuwa ameingia akitoa theluji masikioni, tukisikiliza maji yakienda. Yalipopungua baba akasema bado, fungua koki ya hita. Nikafungua, yakatoka mengine ambayo ningeyasahau, na yangenipasulia hita. Kisha akanifanya nipite na tochi bloku nzima, inchi kwa inchi, nikitafuta ufa. Hakuna. Kizibo kimoja cha bati cha ubavuni kilikuwa kimesukumwa nje nusu, nacho kilihitaji kubadilishwa. Rejeta ndiyo iliyoharibika, mirija miwili ilikuwa imefumuka kwenye kona ya chini. Bloku ilikuwa nzima.

Nje moshi ulianza kutoka tena. Kijana alituonyesha kwa kidole dirishani, na mzee akapiga makofi mara moja kwa glavu zake. Kuelekea asubuhi kipimo cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Sakafu yangu ilikuwa imeshaanza kurudisha joto.

Nilitaka kumuaga baba, maana sikujua nitamwambia nini kuhusu nyumba ya mama na vigae vyake. Akanizuia.

"Shimo liko wapi?"

Gereji ya baba, Magongo, ni mwembe, mabati manne na shimo. Alilichimba mwenyewe kabla sijazaliwa. Mvua za masika hulijaza, na siku zisizo na shimo alilala chali juu ya boksi, mafuta yakimdondokea machoni. Mgongo wake ndio uliomtoa kazini, si umri.

"Sina shimo, baba. Nina lifti hii."

"Niweke chini ya gari."

Nikaingia na simu chini ya 504, nikiwa nimesimama wima, taa nyeupe zikimulika kila kitu. Nilimpitisha polepole toka mbele: sampu, gia boksi, shafti, hadi ekseli ya nyuma na springi zake nne, mbili kila upande, zile ambazo nilipokuwa mdogo alinituma nizihesabu nikiwa nimeshika kurunzi. Mzee wa Datsun alivua kofia yake akasogea pembeni ili asizibe mwanga. Baba alikuwa ameisogeza simu karibu mno na uso hivi kwamba nilikuwa naona jicho moja tu.

"Subiri," akasema. "Rudi kwenye springi. Hapo hapo. Usisogeze."