Mstari wa "Disk" pale Enterprise Road

Kijana anayefanya mafunzo ofisini kwetu ameniuliza kwa nini PGTune, ukurasa wa mtandaoni unaopendekeza mipangilio ya hifadhidata ya PostgreSQL, hutoa robo ya RAM kwa shared_buffers, yaani sehemu ya RAM ambamo PostgreSQL huweka kurasa za data. Nikamwambia: PostgreSQL hutegemea pia akiba (cache) ya mfumo endeshi, ukiipa RAM nyingi mno, kurasa zilezile zinakaa mara mbili. Swali lake likanirudisha Enterprise Road, Nairobi, jioni ya kufunga mwezi, ripoti ya stoo imekwama na mhasibu anangoja.

Seva ilikuwa na RAM ya 16GB na diski ya SSD, lakini mipangilio ni ya mwanzo kabisa: shared_buffers 128MB, work_mem (RAM ya kupangia data) 4MB, random_page_cost (makadirio ya gharama ya kurukia ukurasa wowote diskini) 4. PGTune ni fomu tu: toleo, aina ya kazi, RAM, miunganisho, diski. Haiulizi kama mashine inatumiwa na programu nyingine, na hii ilibeba pia programu ya mauzo. Basi tukaijazia 12GB badala ya 16. Ikatoa shared_buffers 3GB, effective_cache_size 9GB (hii haitengi chochote, ni makadirio tu ya kuchagulia njia ya kusoma data), maintenance_work_mem (RAM ya kazi za matunzo, kama kujenga faharasa) 768MB, random_page_cost 1.1. Tukazima na kuwasha, maana shared_buffers haibadiliki kwa reload, yaani kusoma upya mipangilio bila kuzima.

Ripoti ikapata nafuu kidogo tu. Nikaipitisha kwenye EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha hatua za hoja (query) zilivyotekelezwa, nikashuka mstari kwa mstari hadi hapa: Sort Method: external merge, Disk, zaidi ya 90MB. Upangaji ulikuwa unamwagika diskini! Mwenzangu akataka work_mem ipandishwe kwa wote. Nikakataa. Kiasi hicho hutolewa kwa kila upangaji na kila hash (jedwali la muda la kulinganishia data) ndani ya hoja, si kwa kila mtumiaji. Wakija wengi pamoja RAM inaisha na Linux inaanza kuua michakato. Tukaandika SET LOCAL work_mem = '256MB' ndani ya muamala (transaction) wa ripoti ile pekee, kwa kuwa 90MB za diskini huhitaji nafasi kubwa zaidi zikipangwa kwenye RAM. Safari hii mstari ukasoma quicksort, Memory: upangaji wote ulifanyika kwenye RAM. Mhasibu akafunga mwezi.

work_mem ya wengine tuliiacha ilivyotoka kwenye fomu. Pengine ilistahili kuongezwa, sina hakika hadi leo. Tuliwasha log_temp_files = 0 ili kila faili la muda liandikwe kwenye logi, na kuisoma kukabaki kwa wenye seva.