Pande za Mwisho wa Bahari

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii usingizi umenipaa. Kijana wangu ni baharia, na meli yao imetoka New Zealand kwenda Chile, inakata Pasifiki ya kusini. Ujumbe niliomtumia una tiki moja tu. Naamka usiku wa manane, nawasha simu, tiki bado moja. Nasali, nalala kidogo, naamka tena.

Katika bahari ile kuna mahali panaitwa Point Nemo. Hakuna sehemu ya bahari iliyo mbali na nchi kavu kuliko hapo. Mtaalamu Hrvoje Lukatela ndiye aliyepapata kwa hesabu za kompyuta mwaka 1992. Visiwa vya karibu ni vitatu, Ducie, Motu Nui na Maher, kila kimoja kiko kama kilomita 2,688, na vyote havina mkaaji. Wanaanga wakipita juu katika kituo chao, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, wao ndio huwa binadamu wa karibu kuliko wote. Mama mwenye mtoto upande huo akisikia hivyo, moyo unamwenda mbio.

Ndipo Zaburi ya 139 ikanishika. Nikizitwaa mbawa za asubuhi na kukaa pande za mwisho wa bahari, huko nako mkono wako utaniongoza. Mkono huo hautumwi kutoka kwetu uende ukamtafute mtu. Uko huko tayari. Ulikuwako kabla meli haijang'oa nanga. Nimewaza hata shimo la Mariana, lililo sakafuni mwa Pasifiki, karibu kilomita 11 kwenda chini, ambako Piccard na Walsh walifika mwaka 1960 wakiwa watu wa kwanza. Bwana hakuwangoja wafike ndipo apajue.

Na kuna kisiwa cha Tristan da Cunha, katika Atlantiki. Hakina uwanja wa ndege. Ni meli kutoka Cape Town, safari ya kama wiki nzima. Mwaka 1961 volkano ililipuka, wakaazi wote wakapelekwa Uingereza, na mwaka 1963 wengi wao wakachagua kurudi kwao. Wana makanisa, Jumapili wanamwabudu Mungu huyu huyu. Ukiwauliza wao, miisho ya dunia ni sisi wa Mombasa!

Sasa wapendwa, mniwie radhi, hili lazima niliseme. Juzi nilivuka na feri kwenda Likoni kumtazama mkaza mwanangu. Mtoto alikuwa na homa, amelala kifuani pake, na maji ya kumkanda yako kwenye beseni kando ya kitanda. Akaniambia, "Mama, tangu mume wangu aondoke, anayebisha hodi hapa ni mwenye nyumba tu, akija kudai kodi." Binti huyu anaimba kwaya! Tunamwona kila Jumapili, tunampa mkono, tunamwambia "tunakuombea", kisha kila mtu anashika njia yake.

Tuache hivyo, jamani. Mke wa baharia akinunua friji tunajua siku hiyo hiyo, na tunasema ana dola. Mtoto wake akiugua usiku, nani anajua? Mume yuko kwenye mkataba wa miezi tisa, hawezi kuomba ruhusa arudi kesho. Huko baharini Mungu anamshika baba wa nyumba, wala hatuhitaji kumsaidia kazi hiyo. Huku nchi kavu ametuweka sisi. Yakobo anauliza, ukimwambia mtu nenda ukaote moto na kushiba bila kumpa kitu, yafaa nini? Swali hilo ni letu, wa hapa, wenye nauli ya matatu na miguu mizima.

Wiki hii kila kikundi cha nyumbani kiulizane nani ana mtu baharini, kisha waende wawili wawili. Msiende kusali tu mkatoka. Ulizeni kama kuna mgonjwa, kama gesi imeisha, kama kodi imelipwa. Mkaza mwanangu anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki Alhamisi asubuhi. Mimi siku hiyo niko zamu. Anayeweza aniambie leo baada ya ibada.