Baba'ke Yule

Binti wa dada alinijia juzi na kitabu mkononi, kidole amekibana ndani asipoteze ukurasa. "Mama mdogo, ni kweli watu walikasirika kwa sababu Rue wa kwenye filamu ni mweusi?" Mwalimu wao ndiye aliyewaambia. Mwaka huu darasa lao linasoma The Hunger Games, riwaya ya watoto wanaoingizwa kwenye mashindano ya kuuana mbele ya televisheni hadi abaki mmoja, na yeye ndiyo kwanza alikuwa amefika pale Rue, mmoja wa watoto hao, anapochungulia kutoka juu ya mti. Nikamwambia ni kweli. "Kwani hawakusoma kitabu?" Walisoma, nikamjibu, na wengine walikirudia. Akabaki kunitazama, anasubiri maelezo, na mimi maelezo ya kumtosha sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni usiku mmoja wa Machi 2012, Charlotte, Marekani, mama amekaa kulia kwangu katika giza la sinema.

Mama hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Alikuja kwa sababu baba alikuwa zamu ya usiku, na binti wa miaka 15 katika nyumba yetu hatoki usiku peke yake, liwe jambo gani. Mnamjua mama. Amekulia Mjini Unguja zama ambazo Majestic, Empire na Cine Afrique zilikuwa zikijaa watu, na mtu aliyelelewa na picha za Kihindi hachelewi kuzama hadithini. Aliingia ukumbini kama anavyoingia nyumba ya jamaa zake: akawasalimia waliokaa jirani, akavua viatu, akaweka mkoba mapajani, akaniuliza steringi ni nani. Nikamwambia ni yule msichana, Katniss.

"Basi hafi," akasema, akatulia.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 23, siku filamu ilipotoka, na ukumbi ulijaa wasomaji. Sisi wa North Carolina tulikuwa na hamu ya ziada kwa sababu ilipigwa hukuhuku kwetu, kiangazi cha 2011. Wilaya ya 12, kwao Katniss, ile ya wachimba makaa ya mawe, ni Henry River, kijiji cha kiwanda cha nyuzi kilichohamwa zamani, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Charlotte. Sehemu ya misitu wanamouana wale watoto ni msitu wa DuPont, milimani. Shuleni kila mtu alikuwa na binamu au jirani aliyedai kupita mbele ya kamera.

Manung'uniko yalianza mapema. Madge yuko wapi? Kitabuni, binti huyo wa meya ndiye anayempa Katniss ile beji ya ndege; kwenye filamu Katniss anaipata kwa bibi mmoja sokoni. Kamera inatikisika mno, huoni nani anampiga nani. Damu ni kidogo mno, maana filamu ilitengenezwa iwafikie watoto wa rika la wasomaji wake, na Uingereza ziliguswa tena sekunde 7 ili ipate daraja la umri la chini zaidi. Yote hayo niliweza kuyavumilia. Kilichoniuma ni kukosekana kwa sauti ya Katniss. Riwaya nzima imo kichwani mwake: huoni ila anachokiona yeye, hujui ila anachokijua yeye, na kila kitu kinatokea sasa hivi, huku anakusimulia. Filamu ikaiondoa sauti hiyo. Badala yake tukafunguliwa mlango wa chumba cha wanaoyaendesha mashindano, na watangazaji wa televisheni ya Capitol, mji mkuu wa watawala, wakawa ndio wa kutueleza wale nyigu wa porini ni nyigu gani. Suzanne Collins, mwandishi mwenyewe, alikuwemo katika kuuandika mswada wa filamu, kwa hiyo sikuweza kusema kitabu kimeibwa. Lakini nilimjua Katniss kwa sauti yake, na sasa nimepewa uso tu.

Kisha Rue.

Amandla Stenberg alikuwa mtoto kweli, si mtu mzima aliyevishwa utoto. Mama alimpokea tangu pale kwenye mazoezi, Rue akining'inia darini na kisu alichomwibia kijana mwenye misuli. Mama akacheka kwa sauti. "Mtundu huyu," akasema, na kuanzia hapo kila Rue alipopotea kwenye picha alikuwa akiniuliza yuko wapi.

Wavu ulipomnasa na sauti yake ikasikika porini ikimwita Katniss, mama alikuwa ameshaukamata mkono wangu. Katniss akafika, akaukata wavu, wakakumbatiana. Mimi nikafumba macho kwa sababu nilijua kinachokuja. Mama hakujua. Nikasikia pumzi yake ikikatika. Nilipofumbua, mkuki umeshaingia, na Rue anautazama, hajaelewa bado.

Ukumbi ulinyamaza wote, hata wale waliokuwa wakinung'unika tangu mwanzo. Katniss akaimba. Mama akawa anasoma kitu chini kwa chini, nikaambulia "inna lillahi" peke yake. Maua meupe yakapangwa, kifuani, mikononi, kando ya uso. Niliposoma kitabu, hapa nililia hadi nikashindwa kuendelea, na usiku ule nilikuwa nikisubiri jambo moja tu, nalo ni mkate. Katika riwaya, baada ya Rue kufa, parachuti dogo linamshukia Katniss likiwa na mkate wa Wilaya ya 11, kwao Rue. Una umbo la mwezi mwandamo, umenyunyiziwa mbegu juu, na bado una joto. Mafukara wale walichanga kwa ajili ya mtoto wao. Mtoto amekufa, nao wakaamua apewe mgeni aliyemzika kwa maua. Hakuna wilaya iliyowahi kumpa zawadi mtoto asiye wake. Niliuingia ukumbi ule kwa ajili ya mkate huo.

Haukuja. Katniss akaigeukia kamera iliyofichwa, akabusu vidole vitatu, akavinyanyua. Picha ikahama. Wilaya ya 11: uwanja, umati, wengi wao weusi, wameinua nyuso kutazama skrini kubwa. Vidole vitatu vikapanda juu ya umati mzima. Mwanamume mmoja yuko mbele, hasemi neno, uso umemvimba kwa kitu anachokizuia. Mara akamrukia askari. Kisha wakaruka wote. Nafaka ikamwagika chini, vitu vikapinduliwa, askari wenye sare nyeupe wakaja mbio, maji ya mabomba yakawapiga watu.

Mama akainama sikioni kwangu. "Baba'ke yule."

"Filamu haijasema, mama."

"Isemeje? Mtazame."

Nikamtazama. Katika picha zile chache zilizobaki sikuona mtu mwingine katika umati wote ila yeye. Mama alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti, mkono mmoja umenishika mimi, mwingine umeshika kiti cha mbele, machozi yanamtiririka wala hayafuti, na anamwambia yule mtu kwa Kiswahili, polepole, "Wapige. Wapige." Mama yangu, ambaye hakuwahi kumpiga hata paka. Kijana aliyekaa mbele yetu akageuka, akauona uso wake, akageukia mbele tena bila kusema kitu.

Yaliyobaki nayapita. Pango, homa ya Peeta, mvulana wa wilaya ya Katniss, wale majibwa ya mwisho ambayo kitabuni yana macho ya watoto waliokufa na kwenye filamu ni majibwa tu. Peeta kutoka na miguu yake miwili ilhali kwenye riwaya anapoteza mmoja. Thresh, mvulana wa wilaya ya Rue, alipomwachia Katniss roho yake kwa ajili ya Rue, mama alipiga makofi. Baadaye tuligundua kwamba aliyemcheza, Dayo Okeniyi, amezaliwa Nigeria na mama yake ni Mkenya, na mama akapiga simu Unguja, Mombasa na Muscat kuwapa jamaa habari hiyo.

Garini nilimwambia yote niliyoyashikilia. Nikamwambia wameutoa mkate na kuweka ghasia, na mkate una uzito zaidi, kwa sababu mwenye njaa anapotoa chakula chake anafanya jambo ambalo Capitol haiwezi kulifanya wala kulizuia. Ghasia huonekana kila siku kwenye taarifa ya habari. Nikamwambia pia kwamba Katniss hawezi kuiona Wilaya ya 11 akiwa porini, kwa hiyo hata sisi hatukupaswa kuiona. Huko ndiko kufungwa naye kichwani mwake, na ndiko kunakotisha. Mama aliniacha nikamaliza. Taa za barabarani zikawa zinampita usoni. Kisha akasema, "Mwanangu, mtoto amekufa mbele ya dunia nzima. Mimi sikuwa nikimtazama tena Katniss. Nilikuwa nikiuliza wazazi wake wako wapi. Wakanionyesha."

Wiki iliyofuata ndipo yale mengine yalipozuka. Watu waliandika Twitter, kwa majina na sura zao, kwamba filamu imewaharibia Rue. Wengine walisema walimdhania mtoto mweupe mwenye nywele za dhahabu. Kuna aliyeandika waziwazi kwamba alipogundua Rue ni mweusi, kifo chake hakikumhuzunisha sana tena. Mtu mmoja akaanza kuzikusanya kauli hizo na kuzianika pamoja, magazeti yakazidaka. Majina ya waigizaji yalikuwa yametangazwa karibu mwaka mzima kabla. Hao walikuja kuyajua kwenye kiti cha sinema.

Nilizisoma kwenye simu, basi la shule likitetemeka, na nilichokuwa nikikiona ni mama ukingoni mwa kiti.

Shuleni palikuwa na msichana tuliyekuwa tukibadilishana vitabu. Alikuwa msomaji mzuri kuliko mimi, ndiye aliyeniazima riwaya hii kwanza. Wakati wa chakula akasema kwa upole kabisa, bila chuki yoyote niliyoweza kuisikia, kwamba Rue wa filamu hakuwa Rue wake. Nikatoa kitabu, nikamfungulia pale Katniss anapomwona Rue mara ya kwanza kwenye televisheni. Imeandikwa kwamba ngozi yake na macho yake ni ya rangi ya kahawia iliyoiva, na kwamba mbali na hayo anafanana mno na Prim, kwa umbo na kwa mwenendo. Prim ndiye mdogo wake Katniss, mwenye nywele za dhahabu, ambaye Katniss amekuja kufa badala yake. Msichana yule akasoma. Akarudia kusoma. Akasema, "Mimi nilimwona Prim."

Nimeifikiria kauli hiyo kwa miaka mingi. Sentensi ni moja, ina nusu mbili, na watu wengi walibeba nusu ya pili wakaiacha ya kwanza chini. Juzi nilimwambia binti wa dada aisome kwa sauti. Akaisoma, akanyanyua uso, akasema, "Lakini imeandikwa kabisa." Imeandikwa kabisa, ndiyo.

Nami pia nilimpa Rue uso niliokuwa nao. Tangu ukurasa ule wa kwanza, Rue wangu alikuwa binamu yangu wa Ng'ambo, Unguja, yule mwembamba aliyekuwa akipanda miembe kabla ya wavulana. Nadhani kila msomaji hufanya hivyo, humchukua mtu anayempenda akampa mhusika sura yake. Riwaya zinaishi kwa njia hiyo. Filamu hairuhusu. Inasema uso ni huu, umpende huyu au usimpende. Wale waliolia juu ya kitabu na kukausha macho sinemani, walimpenda Rue? Wakati mwingine najijibu hapana, hawakuwahi kumpenda, walimpenda mdogo wao wenyewe. Wakati mwingine nakumbuka kwamba kitabu ndicho kilichotumia mapenzi ya Prim kuwaingiza, na mlango huo uliwekwa wazi makusudi, na pengine kuna waliopita hapo wakafika kwa Rue kweli. Yule msichana wa shule aliirudia filamu wiki mbili baadaye. Hakuniambia aliona nini, na sikumuuliza.

Nilipokuwa chuo, likizo moja, nilimsomea mama ukurasa wa mkate, nikiugeuza Kiswahili hapohapo, naye anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, parachuti likashuka, Katniss akawashukuru watu wa Wilaya ya 11. Mikono yake ikasimama juu ya sinia.

"Mkate mzuri," akasema. "Umemfaa Katniss. Mama yake Rue je, kapewa nini?"

Nikamweleza kwamba kitabu cha pili kinafika huko. Katniss anakwenda Wilaya ya 11, anaiona familia ya Rue jukwaani, wadogo zake watano, anawashukuru mbele ya watu wote kwa ule mkate.

"Cha pili," mama akasema. "Mimi baba'ke nilimwona usiku uleule."

Bado nashikilia kwamba mkate ulistahili kuwamo. Filamu ile ina dakika 142. Parachuti kushuka, Katniss kuumega, kushukuru: nusu dakika ingetosha, na ghasia za Wilaya ya 11 zingefuata palepale, hazipungui kitu. Nimemwambia mama hivyo mara nyingi. Yeye anasema mkate ukitangulia, watu watadhani yule baba ameshatoa radhi yake. Hapo ndipo tunapokwama, kila mara.